Wito: Mshiriki Akirudi Mtaani, Tumpokee

Ndugu wananchi wa Durban, na hasa sisi tunaoongea Kiswahili, wa Point na wa Umlazi, nina ombi kwenu.

Jumapili jioni wengi wetu hukusanyika sebuleni kutazama Date My Family. Kipindi hiki cha Mzansi Magic kilianza mwaka 2015, na watoto wote wanajua kinavyokwenda. Mtu anayetafuta mwenza anakaribishwa chakula na familia tatu. Anazungumza na mama, shangazi na marafiki, kisha anachagua mmoja kati ya watu watatu ambao hajawatia machoni. Tunacheka na kubishana, na jioni inapita vizuri. Siwaombi muache kutazama.

Lakini je, Jumatatu asubuhi inakuwaje kwa yule ambaye hakuchaguliwa?

Ana kazi ya kwenda. Anapanga foleni ya teksi pale Warwick, na mtu wa mbele anageuka, anamtazama, anatazama simu, anamtazama tena. Usiku kucha watu wamejadili meno yake, viatu vyake na wali wa mama yake. Kukataliwa kunauma hata mkiwa wawili tu. Huyu amekataliwa nchi nzima ikitazama, na mama aliyeshinda jikoni siku ile naye anachekwa.

Tena tunachokiona ni kidogo. Kamera hurekodi kwa saa nyingi, sisi tunaletewa dakika chache zilizochaguliwa. Neno moja la hasira likibaki na tabasamu kumi zikakatwa, mtu anajitazama kwenye runinga asijitambue, na majirani wanamsalimia yule wa kwenye runinga. Katika vipindi vya aina ya Love Island, ambayo ilipata toleo la Afrika Kusini mwaka 2021, washiriki hunyang'anywa simu na kutengwa na jamaa zao. Wakitoka, wanakutana kwa mpigo na maneno ya maelfu ya watu wasiowafahamu. Je, ni ajabu mtu akikosa usingizi, akajifungia ndani, akaogopa hata kwenda dukani?

Naomba mvumilie habari nzito kidogo. Huko Japani, binti mwanamiereka aitwaye Hana Kimura alishiriki Terrace House, kipindi cha vijana wanaoishi nyumba moja na kutafuta wapenzi. Katika sehemu moja alimkasirikia mwenzake aliyeharibu vazi lake la miereka kwenye mashine ya kufulia. Matusi yakammiminikia mtandaoni. Mei 2020 alijitoa uhai, akiwa na miaka 22. Mama yake alipaza sauti, na mwaka 2022 Bunge la Japani likaongeza adhabu ya kumtukana mtu hadharani hadi kifungo cha mwaka 1.

Uingereza, baada ya vifo vya washiriki wawili wa zamani wa Love Island, kituo cha ITV kilitangaza mwaka 2019 kwamba kila mshiriki atapata angalau vikao 8 vya ushauri nasaha akirudi, na kufuatiliwa kwa miezi 14. Ni hatua njema. Ila miezi 14 ina mwisho, na watakaobaki naye ni majirani, wafanyakazi wenzake na jamaa. Ni sisi.

Najua hakuna anayesambaza picha ya utani kwa nia ya kuumiza. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, Kigoma au Mombasa tumepata kuhukumiwa kwa lafudhi kabla ya kuulizwa jina, kwa hiyo hili tunalielewa haraka kuliko wengi.

Kaka kinyozi, runinga ikiwa ukutani na wateja wakianza kumchambua binti wa watu, wewe ndiye mwenyeji. Waulize tu: angekuwa dada yako je? Wewe uliye kazini naye, msalimie kama ulivyomsalimia Ijumaa. Muulize habari za nyumbani, za kipindi ataleta mwenyewe akitaka. Akianza kukwepa watu au kuacha kula, usimwache peke yake.

Na mzazi, mwanao akitaka kujiandikisha, usianze na ukali. Kaeni msome mkataba pamoja. Je, nani atampigia simu baada ya kipindi kuonyeshwa? Akihitaji mshauri, nani atalipa? Mama na shangazi je, wamekubali kuonekana? Majibu yasipopatikana, ana haki ya kungoja.

Kwa aliyezidiwa na mawazo, shirika la SADAG lina namba ya bure, 0800 567 567, inayopokelewa usiku na mchana. Iweke leo kwenye kundi la WhatsApp la familia, kabla Jumapili nyingine haijafika.