Kijana ameacha uhalifu, sisi tutaacha lini kumhukumu?

Wiki ya tatu sasa simu yangu haitulii. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu, kinachoanzia Maskati kikapita Mombasa mpaka hapa Birmingham, kina mada moja tu: posa. Kijana mmoja amemposa binti wa kaka yangu, na kijana huyo aliwahi kufungwa kwa kuuza dawa za kulevya.

Mie ndiye shangazi, tena ndiye niliye karibu naye. Naishi Tyseley, mtaa wa magereji, maghala na karakana ya treni za moshi, na kijana anafanya kazi kwenye gereji moja hapo Warwick Road. Ndiyo maana kaka kaniuliza: "Dada, unasemaje?" Najibu hapa hadharani kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake yenye swali hili.

Wanaopinga wana neno moja: tabia ni ngozi. Nami niliamini hivyo hivyo. Nilifundisha sekondari ya misheni kwa miaka mingi, nikakaa kwenye kamati ya nidhamu. Siku moja tulimfukuza mvulana aliyeiba pesa za wenziwe bwenini, na mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu. Hakuna aliyeuliza atakwenda wapi. Alikwenda kwa waliomkubali, na waliomkubali walikuwa wezi. Jambo hili halijanitoka moyoni.

Baadaye nikasoma. Huko Marekani, Robert Sampson na John Laub walizifufua habari za wavulana wahalifu 500 wa Boston, zilizokusanywa na Sheldon Glueck na mkewe Eleanor tangu miaka ya 1940, wakawafuatilia mpaka umri wa miaka 70. Hata waliokuwa watukutu kupindukia, wengi waliacha. Umri ulisaidia, maana fujo za ujana hupungua zenyewe. Lakini kilichowashika zaidi ni kazi ya kudumu na ndoa yenye masikilizano. Kwa Kiswahili chetu: walipata kitu cha kupoteza, na mtu wa kuwauliza "jana usiku ulikuwa wapi?"

Hapa Uingereza, Shadd Maruna alizungumza na wahalifu na waliokuwa wahalifu wa Liverpool, akatoa kitabu mwaka 2001. Aligundua kuwa walioacha walijisimulia upya: yule mwovu hakuwa mimi wa kweli, na sasa nataka kuwafaa wengine. Zanzibar tunaliona hilo kwenye soba hausi. Wengi wanaowashika mkono vijana mle ndani ni watu waliotumia unga wenyewe, wakaacha.

Basi tuangalie. Kijana hajifanyi mtu mpya peke yake chumbani. Lazima awepo mtu wa kuuamini huo upya wake. Wazee walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Tunaupenda msemo huu mpaka siku kosa linapobisha hodi kutaka binti yetu.

Hata sheria ya hapa imelifikiria. Sheria ya mwaka 1974, iliyolegezwa Oktoba 2023, inasema aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja hadi minne, akimaliza adhabu yake yote na kukaa miaka minne bila kosa jipya, halazimiki tena kulitaja kosa lile kwa kazi nyingi. Serikali inahesabu miaka, sisi tunahesabu vizazi.

Na nyinyi ndugu wa Oman, kila Ramadhani mnachangia Fak Kurba ya Jumuiya ya Mawakili ili wenye madeni watoke gerezani. Allah awalipe. Lakini kumtoa mtu gerezani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa kazi na kumkaribisha sebuleni.

Sisemi tufumbe macho. Wapo wanaosema wameacha na hawajaacha. Na angekuwa amefungwa kwa kupiga wanawake, jibu langu lingekuwa jingine. Ndiyo maana sikuuliza maneno, nimeuliza miaka. Ana miaka sita tangu atoke, na mitano yupo gereji ile ile. Nilikwenda kumuuliza mwenye gereji, mzee wa makamo yangu. Akanambia: "Mwaka wa kwanza nilimwekea macho. Wa pili nikampa funguo." Binti naye anajua yote, na aliyemwambia ni kijana mwenyewe, kabla ya posa.

Kwa hivyo kaka, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Apande ndege aje Maskati, akae mbele yako, akueleze kwa kinywa chake alifanya nini na aliachaje. Ukishamsikia, amua wewe uliye walii, pamoja na binti yako.

Na aliyeisambaza kwenye kikundi ile picha ya gazeti ya siku aliyohukumiwa, namjua. Mwanangu, ifute. Ile ni habari ya zamani.