Pamba Iliyotiwa Maji na Ahadi Tuliyoiweka kwa Mola Wetu

 

Ndugu Waislamu, katika Suratul-A'raf, aya ya 172, Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa aliwatoa wanaadamu migongoni mwa wazazi wao, akawashuhudisha kuwa Yeye ndiye Mola wao, nao wakakiri. Huo ndio utambulisho wetu wa kwanza, uliotangulia kabila na ukoo. Hapa Bariadi wamo miongoni mwetu wenye majina mawili: msikitini ni Abdallah, mnadani ni Mabula. Hilo halina ubaya. Mabula ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua ni rehema ya Allah, majina mengi aliyoyabadilisha Mtume (s.a.w.) yalikuwa yale yenye maana mbaya. Tunachokilalamikia ni mtu kuwa na dini mbili kama alivyo na majina mawili.

Mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unaishi kwa pamba. Msimu wa ununuzi ukikaribia, kwa kawaida mwezi Mei, wapo wanaotoka kuswali Isha kisha wakaenda kunyunyizia maji magunia yao au kutia mchanga, ili kilo ziongezeke. Pamba ile huvunda na kubadilika rangi, mchanga huharibu mashine za kuchambulia, na aliyeleta pamba safi hubeba sifa mbaya pamoja na aliyeleta fifi.

Imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.), katika Sahihi Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema imenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tuzingatie: yale yalikuwa maji ya mvua, na kosa la yule bwana lilikuwa kuyaficha tu. Je, aliyekwenda kisimani na ndoo yake usiku? Na hukumu aliyopewa haikuwa faini. Aliambiwa si miongoni mwao. Utambulisho wenyewe ndio ulioguswa.

Watajibu wengine kuwa mizani nayo huibia. Hatukatai. Wazee wa Usukuma walipoanzisha vyama vya ushirika miaka ya 1950, mojawapo ya malalamiko yao makubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi iliyowapunja. Lakini wao waliweka wapimaji wao wenyewe wakahakiki uzito, wakajenga umoja uliosikika hadi nje ya nchi. Dhulma ya karani haihalalishi maji ya mkulima, na Suratul-Mutaffifin inamkemea kila mwenye kupunja, awe muuzaji au mnunuzi.

Chanzo cha yote haya tunakiona kuwa ni khofu. Mkulima ana deni la pembejeo litakalokatwa siku ya kuuza, ana ada za watoto, na mvua za Meatu na Itilima zinajulikana. Hatuidharau khofu hiyo. Ila Allah (s.w.) hakuahidi bei ya kilo, bei hupanda na kushuka kwa soko la dunia. Alichoahidi, katika Surat Hud, aya ya 6, ni kuwa riziki ya kila kiumbe iko juu yake, naye havunji ahadi. Mtu huyu huyu alifukia mbegu ardhini mwezi Novemba akingojea mvua asiyoiona. Imekuwaje mwezi Mei amtilie shaka Aliyeileta? (Na wale waliofukia hirizi pamoja na mbegu, hao tutazungumza nao siku nyingine, inshaallah.) Suratul-Hashr, aya ya 19, inatuonya tusiwe kama waliomsahau Allah, naye akawasahaulisha nafsi zao.

Tumeulizwa darasani na aliyekwisha kuuza pamba ya namna hiyo: afanye nini? Toba ya haki ya mtu haitimii mpaka haki irudishwe. Wanazuoni wamesema mwenye haki asipojulikana, mali hiyo itolewe sadaka kwa niaba yake. Lakini hapa mlango huo usikimbiliwe upesi, kwani chama cha ushirika kilichopokea magunia yale kipo pale pale kijijini, na daftari la mauzo lina jina la muuzaji, tarehe na kilo zake.