Upungufu wa damu usiokoma kwa mtoto: Si kila mara ni minyoo

KATIKA wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mtoto aliyepauka viganja na macho hupimwa kwanza malaria, kisha hupewa dawa za minyoo na za kuongeza damu. Utaratibu huo ni sahihi, kwani maradhi hayo, pamoja na lishe duni, ndiyo yanayomaliza damu ya watoto wengi vijijini.

Tatizo huanza pale mtoto anapomaliza dawa, pengine akaongezewa damu, lakini baada ya wiki chache akarudi akiwa amepauka vilevile. Hapo yapasa kuuliza damu inavujia wapi, na utumbo ni mahali pa kutiliwa shaka mapema.

Miongoni mwa vyanzo adimu vya uvujaji huo ni uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya utumbo. Aina ya watoto wachanga, iitwayo hemanjioma, hukua haraka katika miezi ya mwanzo, kisha husinyaa taratibu. Nyingine ni kasoro za mishipa ambazo mtoto huzaliwa nazo na ambazo hazisinyai zenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Mwaka 2008, madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kuwa propranololi, dawa ya moyo iliyotumika tangu miaka ya 1960, husinyaza hemanjioma. Si dawa ghali, lakini inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto, hivyo hutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Kasoro za mishipa zinazovuja sana mara nyingi huhitaji upasuaji.

Hata hivyo, dalili za mwanzo hazihitaji mitambo mikubwa. Mtoto mchanga mwenye vivimbe vyekundu vitano au zaidi kwenye ngozi anastahili kupimwa tumbo kwa altrasaundi. Choo cheusi kama lami nacho ni onyo. Kwa kuwa vidonge vya madini ya chuma pia hukifanya choo kiwe cheusi, ni maabara inayoweza kuthibitisha kuwa kuna damu.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu tangu mwaka 1955, na KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, zipo kwa ajili ya rufaa. Lakini safari hiyo huanzia zahanati. Mtoto anayehitaji damu kwa mara ya pili bila chanzo kujulikana hapaswi kurudishwa nyumbani na vidonge vilevile.