Mnara Uliosahau Majina

Aliyewahi kupita katika barabara ya Kenyatta Avenue, jijini Nairobi, amewaona wanaume watatu wa shaba nyeusi waliosimama juu ya jiwe. Sanamu hizo zilisimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Chini yake pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na Mwingereza Rudyard Kipling. Yanamwambia msomaji kuwa wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kazi yangu ni kuchunguza maneno, na maneno haya yananisumbua. Ahadi inahusu jina, ilhali hakuna jina hata moja la askari wala mchukuzi lililochongwa pale. Tena nchi inayotajwa kuwa ya marehemu ilikuwa ya nani mwaka huo wa 1928? Na huo mfano wa miguu na mikono, ambao bila shaka ulikusudiwa kuwa sifa, una siri yake. Viungo hivyo havina majina. Mwenye jina ni mtu mwenye uso, na uso haukutajwa.

Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, mwaka 1927, Waingereza hao hao walifungua lango la Menin huko Ypres, Ubelgiji, likiwa na majina zaidi ya 54,000 ya askari ambao makaburi yao hayakujulikana. Kwa hiyo haikuwa kwamba hawakujua namna ya kumkumbuka mtu aliyepotea vitani. Huku kwetu, mwaka 1922, gavana wa Tanganyika alionelea kuwa makaburi mapana ya wachukuzi yaachwe yamezwe na msitu upesi iwezekanavyo. Ilichukua hadi Aprili 2021 kwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola kukiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Watafiti wanakadiria kuwa wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi; waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, huku wakibeba unga na masanduku ya risasi kumfuata Jenerali Lettow-Vorbeck hadi Msumbiji. Mwaka 1917 maafisa wa utawala na machifu waliwasomba vijana vijijini kwa nguvu. Kila mmoja alivishwa kibati chenye nambari.

Wapo wenzangu wanaouliza, na si swali la kipuuzi, kwa nini tumwenzi mtu aliyekufa akimtumikia mkoloni. Jibu langu ni kwamba hatuienzi vita ile wala aliyeianzisha. Kijana aliyetolewa shambani kwa kamba hakuulizwa rai yake. Tukimkataa leo kwa sababu ya bwana aliyembebesha mzigo, tutakuwa tumemuunga mkono yule gavana na msitu wake.

Isitoshe, tabia ya kuficha majina haikuondoka na bendera ya Uingereza. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya majeshi yetu huko El Adde, nchini Somalia, ilivamiwa na Al-Shabaab, na miaka ikapita bila serikali kutangaza idadi kamili ya waliouawa. Familia zilizika wapendwa wao moja moja, kila mmoja kijijini kwao, na taifa halikupata orodha ya kuisoma kwa sauti.

Wananchi wa kawaida, kwa bahati njema, walihifadhi kitu ambacho serikali haikukusudia. Jina la kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps, waliligeuza kwa matamshi yao likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Watu huteremka humo kununua vyondo na nyama choma bila kujua kuwa wanalitamka jina la jeshi la wafu. Neno limesalia; wenye neno wametoweka.

Mwalimu wa historia anaweza kufanya zaidi ya mnara. Awatume wanafunzi wake nyumbani wakaulize kama ukoo una mtu aliyekwenda Kariakoo asirudi: jina lake, la babake, na kijiji alichotoka. Jamii zetu nyingi huwarithisha watoto majina ya waliotangulia, na huenda jina la mchukuzi likawa linaitwa kila asubuhi katika sajili ya darasa hilo hilo. Nyaraka za mkoloni zilizosalia hazitoshi, na wajukuu waliosimuliwa habari hizi na nyanya zao sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Likizo ya Aprili inatosha kuanzia.