Ngoma na Noti



Katika vijiji vya pande zetu za Buswelu neno hili husikika: kijana akijifunza noti za kinanda, basi ngoma na zeze vimemtoka. Naye babu yake husikitika, akidhani mtoto amepotea. Haya, tulipime neno hili kwa mfano wa mtu wa ng'ambo ya ziwa letu, nchini Uganda.

Justinian Tamusuza alizaliwa mwaka 1951. Kwanza alijifunza muziki wa Kiganda: kuimba, kupiga ngoma na endingidi, ndilo zeze la uzi mmoja. Baadaye akasomea muziki wa noti huko Belfast, kisha Marekani, katika Chuo Kikuu cha Northwestern, alikopata udaktari. Je, aliiacha ngoma? La, hasha.

Mwaka 1988 alitunga muziki wa vyombo vinne vya nyuzi vya Kizungu: fidla mbili, viola na selo. Akaupa jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Vyombo ni vya Ulaya, lakini mapigo ni ya ngoma za Buganda. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la Marekani lilitoa sehemu yake ya kwanza katika santuri, ikasikika katika mataifa mengi. Naye Tamusuza akawa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Nasi tunao mfano wa karibu. Pale Bujora, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya ngoma za Wasukuma, na nyimbo zao akaziingiza katika ibada. Hakuona kwamba ngoma yamfukuza Mungu.

Basi, tufanye nini? Mtoto akiomba kwenda kwa mwalimu wa kwaya kujifunza kinanda, mpe ruhusa, wala usiseme anapoteza wakati. Lakini jioni mketishe karibu na babu yake, amfundishe zeze. Usingoje akue kwanza. Noti zi kitabuni, zitakuwapo hata mwakani. Wimbo wa mzee usioandikwa huzikwa pamoja naye. Na ni nani atakayeuandika, kama si mjukuu yule aliyejifunza noti?

Mungu azibariki nyumba zenu.