Espé au Espérance?

Juzi tukichambua maharagi, mwenzetu aliyebatizwa Espérance alisema kwamba “Espé” ni tamu kwa kinywa cha mama yake. Kwa wengine inamuuma, kama vile amekatwa nusu. Tulinyamaza. Miaka yote tulimwita hivyo bila kumuuliza. (Na Dieudonné je? Ukilikata jina lake, anabaki Mungu peke yake!)

Tulikumbuka pia binti aliyeandikwa Imma shuleni, na Immaculée kwenye ofisi ya leta. Alipofika mwaka wa sita, karatasi zilionyesha watoto wawili, na mama yake alitembea sana kuzipatanisha. Sheria inatupa siku 90 tangu kuzaliwa kuandikisha mtoto: hapo tutaje jina zima.

Espérance sasa tunamwita Espérance. Ulimi ungali unateleza.