Muhtasari wa Kunakili ni Wizi

Kuna tabia imeota mizizi katika shule zetu za Karagwe na Kyerwa, na kuendelea kuinyamazia ni kushiriki ubaya. Mwanafunzi anaambiwa achague kitabu, akakisome mwenyewe wakati wa likizo, kisha alete muhtasari. Likizo inakwisha kitabu hakijafika hata ukurasa wa kumi. Siku ya mwisho mtoto anageuza jalada la nyuma na kunakili maneno ya mchapishaji, au anakimbilia kibanda cha fotokopi Omurushaka au Kayanga akanunue kitini. Jumatatu anakabidhi kurasa mbili zenye mwandiko mzuri, mwalimu anaweka alama ya vema, mzazi anafurahi. Wote watatu wamedanganyana.

Hapa Chonyonyo wilayani Karagwe hakuna nyumba, iwe ya Mkristo au ya Mwislamu, ambayo mtoto hajafundishwa kwamba kuiba ni dhambi. Mtoto akichukua mkungu wa ndizi wa jirani tutamchapa na kumrudisha akaombe radhi. Mbona akichukua maneno ya mtu mwingine na kuyaandikia jina lake tunampongeza? Wazee walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Walisema pia njia ya mwongo ni fupi, na ufupi wa njia hiyo huonekana mapema sana.

Mchukue kijana wa kidato cha nne aliyesoma kitini cha Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Muulize dhamira, atazimwaga kama maji: mapenzi, uzembe, ujinga. Sasa muulize jambo dogo: karatasi za sensa alizoziandika Ngoswe ziliishia wapi, na aliyeziteketeza alikuwa na uchungu gani? Atakutazama tu. Hajui kwamba baba wa Mazoea, msichana aliyependwa na Ngoswe, alizichoma moto kwa hasira juu ya binti yake. Amebeba majibu ya mchezo ambao hajausoma. Akili za kuambiwa, changanya na zako. Huyu za kwake hakuzileta kabisa.

Anayedhani jambo hili ni dogo akumbuke karatasi ya Kiswahili ya Baraza la Mitihani. Miaka nenda rudi imekuwa na sehemu ya ufahamu na ufupisho. Mtoto hupewa habari asiyoijua, akaambiwa aifupishe kwa idadi fulani ya maneno. Habari ile haina kitini, wala jalada la nyuma, wala rafiki wa kunong'oneza. Mwenye mazoea ya kunakili ataokota sentensi ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, aziunganishe, kisha ashangae matokeo yakitoka.

Lakini tuseme kweli: nani amewafundisha watoto hawa namna ya kufupisha kitabu kizima? Kuwaambia "nendeni mkafupishe" si kufundisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi mwalimu na mzazi tuiname pamoja nao.

Kwanza, mtoto asome sura moja, afunge kitabu, asimulie kwa mdomo. Asiyeweza kusimulia hajaelewa. Arudie, wala asikaripiwe. Pili, ajibu maswali machache: Mhusika mkuu ni nani? Anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Mwisho anapata au anakosa, na kwa sababu gani? Tatu, aandike sentensi moja tu kwa kila sura, kitabu kikiwa kimefungwa ili maneno yawe yake. Nne, aziunganishe sentensi hizo na kuondoa zinazorudia jambo moja. Mwisho kabisa, aandike maoni yake kando, asiyachanganye na hadithi ya mwandishi. Muhtasari ni kahawa iliyokobolewa: maganda yameondoka, buni imebaki. Na sisi watu wa Karagwe tunajua gunia lililojaa maganda halilipwi bei ya kahawa safi.

Mwalimu naye aoneshe mfano ubaoni. Achukue Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, aandike hivi: Katika nchi ya Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakatupwa gerezani. Mwishoni haki inashinda, naye na wafungwa wale wanaachwa huru. Sentensi tatu tu, na kitabu kizima kimesimama. Watoto wakiona jambo linawezekana, nao watajaribu.

Wala wazazi msiseme hamkusoma, hamwezi kusaidia. Nyinyi ni mafundi wa ufupisho bila kujijua. Mzee akitoka kwenye mkutano wa chama cha msingi uliochukua nusu ya siku, jirani akimuuliza, anamweleza kwa maneno machache bei ya kahawa, siku ya malipo na ugomvi uliotokea. Mama akitoka ibadani anajua kumwambia mgonjwa aliyebaki nyumbani mahubiri yalihusu nini. Basi mkiwa mnamenya ndizi jioni, muulize mwanao: kitabu chako kinasema nini? Msikilize mpaka mwisho. Akikwama, mwambie akasome tena. Hilo halihitaji cheti. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini mtoto hawezi kufupisha kitabu asichokishika, nami siwezi kupita bila kusema neno la pili, maana linaniunguza. Kuna shule ambazo vitabu vimefungiwa kabatini, ufunguo uko mfukoni mwa mkubwa, na sababu ni kwamba watoto watavichafua. Jamani! Kitabu safi kisichosomwa kina faida gani? Mwaka 1968, mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO ulianza katika mikoa ya Ziwa, ukiwemo mkoa wa Ziwa Magharibi ambao leo ni Kagera. Wakulima watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Miaka ya 1970 gazeti la Elimu Haina Mwisho likachapishwa Mwanza ili waliojua kusoma wasirudi gizani. Taifa maskini liliwapelekea wazee maandishi vijijini, nasi leo tunawafungia wajukuu wao vitabu walivyonunuliwa! Fungueni makabati. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimetimiza kazi yake.

Nawe mwanafunzi, mwanangu, nakujua una akili. Hukushindwa kukariri mashairi wala nyimbo za redio. Basi mheshimu aliyeandika. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa mikoa hii ya Ziwa, alimaliza kuandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, yeye akiwa mzee sana. Mwaka uliofuata akafariki. Mtu huyo alisubiri miaka 35. Wewe unashindwa kumpa jioni chache za kusoma?

Walimu, muhtasari ukiletwa mezani, msitie alama kabla ya kumuuliza mtoto maswali mawili ya mdomo. Wazazi, ulizeni nyumbani. Wanafunzi, someni kwanza, andikeni baadaye, na andikeni yenu. Muhtasari wa nusu ukurasa wenye makosa ya tahajia, lakini umetoka kichwani mwa mtoto, una thamani kuliko kurasa kumi za kitini. Mungu awape walimu wetu subira na watoto wetu bidii. Anayenisikia aanze likizo hii.